Njia Iliyo Wazi Kwenye Kompyuta ya Mkuyuni

Taa ndogo ya intaneti nyuma ya kompyuta ilikuwa ikiwaka na kuzima, ilhali bando lilikwisha tangu juzi.

Kokuberwa, mchapaji wa steshenari ya Jitesh pale Mkuyuni, aliiona alipokuwa akimlaza Rwekaza, mwanawe wa miezi mitano, ndani ya boksi la karatasi chini ya meza. Hakuijali. Kesho yake mkwaruzo ulisikika ndani ya mashine, na chumba kikanuka matope ya ziwa. Jitesh akamtuma fundi.

Nathaniel alifika saa nne asubuhi. Akaandika amri, orodha ikatokea.

"Dada Koku, kila mstari hapa ni programu inayoongea na mashine nyingine. Huu wa printa. Huu siujui. Njia iko wazi tangu Jumatatu, saa tisa na dakika kumi alasiri. Au ulikuwa unapakua tamthilia za Kikorea, bosi asijue?"

Kokuberwa hakucheka. Nathaniel akachomoa waya wa intaneti. Mstari ukabaki.

"Sasa inaongea na nani?" akajiuliza fundi.

Jumatatu hiyo Kokuberwa aliikumbuka. Mtoto alilia tangu asubuhi, na homa hana. Kwao Kagera, mtoto akilia hivyo wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Wazee walikuwa mbali. Kwa uchovu alifungua kwenye kompyuta ratiba za mazishi alizowahi kuwachapia wateja, akaanza kusoma kwa sauti majina ya watu asiowajua. Saa tisa na kitu, alipofika kwa Mashimba, aliyezama ziwani akivuka kwenda Sengerema na mwili wake usipatikane, mtoto akanyamaza. Tangu hapo hakulia tena.

"Ufunge," alinong'ona.

Nathaniel akabonyeza, mstari ukatoweka, mkwaruzo ukakoma, na katika ukimya ule Kokuberwa akagundua kwamba chini ya meza nako kumekuwa kimya, akainama, akamkuta mtoto macho wazi, kifua hakipandi wala hakishuki, nywele zimelowa maji yenye majani ya ziwani, akamwinua, akamtikisa, akamwita Rwekaza, Rwekaza, mara tatu, mara kumi, kama anayemwamsha mtu aliyelala tu, na mtoto hakuvuta pumzi.

"Mashimba," akasema kwa sauti ndogo.

Mtoto akavuta pumzi. Kwenye kioo mstari ukarudi.

Nathaniel alikuwa amerudi kinyumenyume hadi mlangoni. "Dada, twende kwa shekhe. Au padri. Yeyote yule, amtoe huyo aliyemwingia."

"Wakimtoa, mimi nitabaki na nani?"

Fundi akakusanya vifaa vyake. "Bosi ataniuliza."

"Mwambie mashine ni nzima. Na isizimwe."

Alipobaki peke yake, Kokuberwa alitoa kadi ya kliniki kwenye mkoba. Akaweka rula, akalikata jina Rwekaza kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika Mashimba, herufi moja moja, asikosee.

Kisha akakaa, akamweka mtoto kwenye ziwa lake. Mdomo ulikuwa wa baridi. Alinyonya vizuri.