Mlio wa Vespa Nyuma ya Kiponda

Kisa cha mapenzi nikikisimulia mie, mawe ya kuta za mtaa wa Kiponda hutoa machozi. Na kweli yalitoa siku moja, watu wakaja kushuhudia. Fundi naye akaja, akasema ni bomba la jirani limepasuka. Haidhuru. Machozi ya kisa hiki si ya bomba.

Ulfat binti Mbarouk alikutana na Kheir Darajani, asubuhi ya Ijumaa, soko limejaa hata ukidondosha ndimu haifiki chini. Alikuwa juu ya skuta ya umeme ya kazini kwake, buibui kalikunja chini ya mapaja, mtandio wa zambarau kaubana ndani ya helmeti. Skuta zile zinakwenda kama paka aliyeiona meza ya samaki. Mbele yake Kheir, kijana mrefu mwenye kofia ya mkono na shati jeupe lenye doa la oili, kabeba ekzosi ya vespa begani kama aliyebeba mtoto, hana habari, mpaka gurudumu likamgusa kisigino.

"Yallah!" Ekzosi ikaruka, ikatua juu ya mafungu ya tungule, nyanya zikatawanyika.

"Samahani, kaka'angu! Samahani sana!"

"Chombo gani hicho hakikohoi wala hakipigi chafya? Mtu atakufa hajawahi kutoa shahada!"

"Kina honi."

"Mbona hukuipiga?"

"Nimekuona umebeba, nikaona haya kukushtua."

"Kwa hiyo ukaona bora unigonge."

Ulfat akacheka, naye alikuwa na kicheko cha kumtoa mtu kwenye hasira kama mwiba unavyotolewa kwa sindano. Wakainama wote wawili kuokota tungule. Kheir akasoma maandishi ubavuni mwa skuta, jina na namba ya simu ya ofisi inayouza na kukodisha vyombo vya umeme.

"Aa! Kumbe nyinyi ndio mnaotaka kunizika. Mie fundi vespa, huko Mlandege."

"Hatukuziki. Tunakutafutia kazi isiyochafua shati."

"Doa hili ni la leo tu."

"Na la jana liko kwenye mkono," akasema Ulfat, akapanda skuta yake akaenda zake bila sauti, akamwacha Kheir anageuza mkono kutafuta doa.

Basi ikawa simu. Wenye kuuza vifurushi walinufaika.

"Umekula?"

"Nshakula. Urojo."

"Na mie hukuniachia?"

"Uza kwanza hilo kopo la moshi, ndio uje udai urojo. Nnakupatia skuta, unaichaji ukilala, asubuhi unakwenda zako mpaka Nungwi."

"Nungwi ntafika. Kurudi je? Ntabebwa na punda?"

"Utachaji huko huko."

"Na umeme ukikatika?"

"Na meli ya mafuta isipotia nanga?"

"Roho yangu, umeme wenyewe unatoka bara kwa waya chini ya bahari, na huko bara wanachoma gesi kuupata. Nyinyi hamuondoi moshi, mnauhamisha."

"Uhame! Huko uendako hakuna kifua cha baba yangu."

"Na betri ikifa, mtaizika wapi?"

"Makaburini Mwanakwerekwe, ubavuni mwa vespa yako."

Wakicheka mpaka simu ziwe moto. Mabishano ya wapendanao ni pilipili: kidogo inanogesha mchuzi, ikizidi watu hunywa maji.

Sasa, kijana ambaye hajapeleka posa hapigi honi chini ya dirisha la watu. Honi ni kumwita mtoto wa watu kama aitwavyo muuza mkate, na majirani wote wanatoka kuangalia nani kaitika. Lakini vespa kupita nani ataikataza? Njia ni ya waja wote wa Mungu. Kheir kila alasiri akipita Kiponda, akifika chini ya dirisha la ghorofani kwa akina Ulfat akivuta resi mbili, kama anayeogopa injini itamzimikia. Naye Ulfat akikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua. Mwisho wa mlio ile vespa ilikuwa na kikohozi chake, *trrr-tuh*, kwa sababu ya ekzosi iliyochomelewa. Ulfat angeitambua katikati ya vespa mia.

Baba yake, Mzee Mbarouk, alikuwa na pumu, kalala chumba cha chini, dirisha limefungwa. Hakumjua Kheir kwa sura wala kwa jina. Alimjua kwa moshi.

Mwezi wa Shaabani, siku za vunja jungu, Ramadhani iko mlangoni, watu wanakula kama wanaohama dunia, Kheir alipita kama kawaida yake, akavuta resi zake mbili. Siku ile hakukuwa na upepo. Moshi ukajaa kichochoroni, ukakosa pa kutokea, ukapenya kwenye nyufa za mbao. Kabla ya adhana ya magharibi Mzee Mbarouk alikuwa hospitali, kavishwa oksijeni, na Ulfat kakaa kwenye benchi la nje na simu sikioni.

"Kheir."

"Naam, roho yangu. Mbona leo hukuanua nguo?"

"Baba kalazwa."

Kheir akauliza kwa sauti ndogo, "Ni ule moshi?"

"Ni ule moshi."

"Ulfat, magari mangapi yanapita Darajani kutwa..."

"Hayavuti resi chini ya dirisha letu. Nshakwambia uiuze, ukanicheka."

"Vespa hii kaniachia marehemu baba. Nikiiuza, chake mie kimebaki nini?"

"Wako kakuachia vespa. Mie wangu yu hai, Kheir, na nataka abaki hai."

"Kwa hiyo mie muuaji?"

"Sijasema."

"Umesema."

Ulfat akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Usinipigie simu tena. Ukishapima lipi zito, pita nyumbani. Mie ntakuwepo dirishani." Akakata.

Ramadhani ikaingia. Mzee Mbarouk akarudi nyumbani, na kwa kuwa kichochoro kilikuwa hakina moshi tena, akaanza kutoka barazani alasiri na tasbihi yake. Ulfat juu, siku za mwanzo, dirisha wazi, anaanua nguo kavu, anazitia maji, anazianika tena. Chini hachungulii, baba yuko barazani; anasubiri mlio. Hakuna mlio. Kila akimsikia baba yake anavuta pumzi vizuri moyo wake ulishukuru na kuumia kwa pamoja, maana hewa ile safi ilikuwa ndiyo habari yenyewe: Kheir hapiti.

Halafu alasiri moja akausikia. *Trrr-tuh.* Akaiweka nguo begani, akatega sikio. Lakini mlio haukuja chini ya dirisha. Ulipinda, ukaingia kichochoro cha nyuma, ukasimama kwa akina Maisara. Maisara ni jirani yao, msichana mwenye kicheko cha sahani zinazooshwa, na kicheko hicho ndicho kilichofuatia. Vespa ikavuta resi mbili.

Ulfat akalifunga dirisha, akatia komeo. Akaifungia namba ya Kheir kwenye simu. Kisha akashuka jikoni, uani, akaukamata unga wa sambusa. Kila alasiri *trrr-tuh* ikija huko nyuma, na kila alasiri unga ulipata kipigo. Sambusa za nyumba ile mwezi ule zilikuwa laini kuliko mashavu ya bi harusi. Watu wakazisifu.

Shangazi yake, Bi Mwanakhamis, mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea ambaye hakuwahi kuonekana akisoma, akaja siku ya ishirini na saba na habari zake.

"Kijana wa Fumba, jina lake Tahir. Ana nyumba mpya, ana gari la umeme kama uyapendayo wewe, ana adabu. Hana kasoro."

"Hata moja, shangazi?"

"Nimetafuta, mwanangu, sikuiona."

"Basi mwambieni baba nimekubali."

Msichana aliyetulia hakubali haraka namna ile. Bi Mwanakhamis angeligundua hilo, lakini roho yake ilikuwa imeshafika kwenye biriani.

Nikaha ikafungwa Mfunguo mosi, mara baada ya Idi. Ulfat alipendeza, nisiseme uongo: hina mpaka viwikoni, leso za kisutu, asumini kichwani, dhahabu ya marehemu mama yake shingoni. Alitulia mno. Wanawake wakasema ni haya. Tahir akampeleka Fumba kwenye barabara pana zilizonyooka, na kweli alikuwa mwema. Akimfungulia mlango wa gari, akimuuliza kama kiyoyozi kinamdhuru. Gari likienda kimya, na wao ndani yake kimya.

Mwezi haujatimia, Ulfat akaja Kiponda kumtazama baba yake, buibui jipya linameta, udi unamtangulia njia nzima. Bi Mwanakhamis akampa sahani ya halwa ampelekee Maisara. Hakutaka kwenda, lakini bi harusi mpya hakatai kupeleka halwa. Akazunguka nyuma.

Mlangoni kwa akina Maisara ilikuwepo ile vespa, rangi ya maziwa, ekzosi na mshono wake. Juu yake si Kheir. Ni kijana mfupi anayeipiga teke na kutukana kwa heshima.

"Waka basi, mwana wa watu! Shangazi zako wote wamelala?" Akamwona Ulfat, akaona haya. "Samahani, bibie. Jina langu Sabri. Mchumba wa Maisara."

Ulfat akaiweka sahani ya halwa barazani. "Chombo hiki chako?"

"Changu tangu mwisho wa Shaabani. Kaniuzia fundi mmoja, Kheir. Alilia, wallahi, mwanamme mzima. Nikamwuliza, sasa unauzia nini? Akasema kuna mzee wa watu moshi unamdhuru, akaenda akanunua cha umeme. Hiki tangu hapo hakinitaki. Nimempigia simu, yuko njiani."

Ulfat akaketi barazani kwa watu bila kukaribishwa. Mlio aliutambua sawasawa, masikio yake hayakumdanganya. Na kazini kwake kila siku akiwaambia wateja, "Hiki hakina sauti, hata mtoto aliyelala haamki." Kawaambia watu wote wa mji. Yeye mwenyewe akakaa kusubiri sauti.

Sabri akaingia ndani kutafuta bisibisi. Na kabla hajatoka, Kheir alikuwa ameshafika. Skuta ya kijani, hakuna aliyemsikia. Alikuwa amekonda. Akamwona, akavua kofia, akaivaa tena.

"Bi Ulfat. Hongera."

"Ahsante."

Akachutama kwenye vespa, akaanza kufungua plagi.

"Kheir, kumbe uliiuza."

"Ilikuwa imechoka."

"Sabri kaniambia."

"Sabri maneno mengi, ndio maana hata vespa haimsikilizi."

"Ulipita?"

Mkono wake ukasita, kisha ukaendelea. "Wapi?"

"Kwetu. Nilikwambia upite. Nilisikia hii inakuja kwa Maisara, nikatia komeo. Sikulifungua tena dirisha. Niambie kweli, ulipita?"

Kheir akamtazama: dhahabu, hina iliyoanza kufifia, macho. Akatabasamu lile tabasamu la mtu anayembeba mwenziwe mgongoni na kumwambia wewe mwepesi.

"Sikupita. Nilikasirika, nikasema basi. Nilinunua hii kwa ajili ya kazi tu. Hukukosa kitu, Ulfat."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Sema wallahi."

"Kwa jambo dogo hili nimtaje Mungu?"

Ulfat hakujua afurahi au alie. Kama hakupita, basi hakuna kilichopotea dirishani. Atarudi Fumba, atapika, atajifunza kumpenda mtu asiye na kasoro. Alikuwa ameshaanza kuinuka. Alikuwa ameshaanza, masikini, kupumua.

Ndipo Mzee Mbarouk akajitokeza kwenye pembe ya kichochoro na bakora yake, kaja kumtafuta mwanawe wanywe kahawa. Alikuwa akitembea vizuri, kifua kimya.

"Shikamoo, mzee," akasema Kheir, akainamisha kichwa haraka.

"Marahaba... Ee! Si wewe! Bwana salamu!" Mzee akamwekea mkono begani kwa furaha. "Ulfat, njoo nikujulishe rafiki yangu. Ramadhani yote, kila alasiri, kijana huyu akija na hiyo pikipiki yake ya kijani, namwona tu amefika. Anasimama chini ya nyumba yetu, ananipa salamu, anatazama juu. Anatazama, anatazama, mpaka karibu ya adhana, ndio anakwenda zake. Siku moja nikamwuliza, mwanangu, unaangalia nini huko? Akaniambia, mzee, nnapenda nakshi za dirisha lenu."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nikamwambia, dirisha lile ni mbao tupu, halina nakshi hata ya dawa!"

Ulfat hakucheka. Alimtazama Kheir. Kheir alikuwa kaishika plagi kwenye vidole, anaipuliza, anaipuliza tena, na plagi yenyewe ilikuwa safi.