Chungu cha Kuhesabia Nyoka

"Jumatatu!"

"Haiwezekani."

"Bwana amesema Jumatatu, mizigo imeshafungwa, wapagazi wanakula tu bure, sasa mimi nikamwambie..."

"Mwambie kifutu hajui Jumatatu!"

"...nikamwambie nini, Matonya? Kwamba tumezuiwa na nyoka ambaye hata hatujamwona?"

"Ndiyo huyo huyo usiyemwona ndiye anayeuma!"

Loisi alikuwa anapepeta uwele katikati ya ua, na maneno yalimpita juu ya kichwa, moja likitoka kulia, moja likitoka kushoto. Kulia alisimama baba yake, Matonya, kiongozi wa njia anayejulikana Ipagala nzima. Kushoto alisimama Hassani, mtu wa Busi huko Kondoa, msimamizi wa msafara wa Mzungu. Mzungu mwenyewe alikuwa amepiga hema ng'ambo ya korongo. Jina lake lilikuwa gumu kutamka, watu wakaona wasijiumize ulimi, wakamwita Bwana Manyoya, maana kazi yake ilikuwa kutazama ndege, kuwachora, na kuokota manyoya yao kama mtu anayeokota kunde zilizomwagika.

Zilikuwa enzi za Mdachi. Reli yake ilikuwa bado inatambaa toka Morogoro, haijafika Dodoma, kwa hiyo mtu akitaka kwenda mahali aliuliza miguu yake kwanza. Bwana Manyoya alitaka kwenda kwenye bwawa la Bahi kuwaona heroe, wale ndege warefu wekundu, na tembo wanaoshuka kunywa maji. Ni mwendo wa siku tatu.

"Wewe Mrangi," Matonya alisema, "ukiambiwa usubiri, unajikuna kama umekalia upupu."

"Na Mgogo akiambiwa atembee bila ng'ombe mbele yake, miguu inakufa ganzi!"

Watani hao. Siku zote wangecheka hapo. Siku hiyo hawakucheka.

"Sikiliza nikufundishe," Matonya alisema. "Mvua za kwanza zikipiga, nyoka wanatoka mashimoni. Nyasi zikirefuka, wako miguuni pako na huwaoni. Tukivuna, panya wanakuja kwenye nafaka na nyoka wanawafuata panya. Sasa hivi usiku umeanza baridi, kwa hiyo asubuhi kifutu anakuja kujilaza njiani aote jua, na mvivu yule hapishi mtu. Lakini baridi ikikaza vizuri, wanaingia kwenye vichuguu na kutulia. Hapo ndipo tutapita. Chungu kitatuambia."

"Chungu, chungu! Na maji ya Bahi yakikauka? Ndege wakiruka? Bwana atafunga hema arudi pwani, safari imekufa." Hassani alivuta pumzi, kisha likamtoka neno ambalo pengine hata mwenyewe hakupanga kulisema. "Hebu niambie ukweli, rafiki yangu. Unaogopa nyoka, au unamwogopa mkwe wako?"

Hata kuku waliokuwa wanadonoa pumba waliinua vichwa. Matonya alichukua fimbo yake, akatoka bila kuaga.

Mkwe mwenyewe alikuwa kijana wa Bahi anayevua kambale. Miaka miwili nyuma alikuja kumposa Lydia, dada yake Loisi. Matonya akasema binti yake hataolewa na mla samaki asiye na hata mkia wa ndama zizini. Lydia akasema ataolewa naye huyo huyo. Mjomba wao akaingilia, akasimamia ndoa, na Matonya akatamka mbele ya watu, "Basi aende, na asikanyage hapa tena." Tangu siku ile hakuwahi kulitaja jina la Lydia. Akimwita mtoto, alimwita Loisi tu, kama vile nyumba ile haikuwahi kuwa na mtoto mwingine.

Lakini Loisi alimkumbuka dada yake mpaka kichwani, kwa maana ya kichwa chenyewe: hakuna mwingine aliyejua kumsuka bila kumvuta. Waliwahi kulalia ngozi moja, wakifunikana wakati wa baridi. Usiku Lydia alimsimulia hadithi zisizo na mwisho, kwa sababu kila mara alisinzia kabla ya kumaliza. Sasa Loisi alikuwa na upande mzima wa ngozi peke yake, na baridi ilikuwa kali maradufu. Kila jioni jua lilitua upande wa Bahi, naye aliliona likienda huko bila kuomba ruhusa kwa mtu, akalionea wivu.

Alikuwa ameweka maswali ya kumuuliza Lydia. Je, kambale ana ladha gani? Je, heroe wanalala wamesimama? Je, unanikumbuka?

Safari ya Bwana Manyoya ilikuwa njia yake pekee. Shangazi Anyesi aliajiriwa kuwapikia wapagazi, na Matonya alikuwa amesema, "Loisi naye atakwenda, atabeba vibuyu vya maji." Safari ikifa, basi.

Na safari yote ilikuwa ndani ya chungu. Kilikuwa chungu kikuukuu, kimepasuka mdomo, kimewekwa chini ya upenu wa tembe. Kila mchungaji aliyetoka kulisha upande wa njia ya Bahi, akikutana na nyoka, jioni alitia kijiwe kimoja. Asubuhi Matonya alikiinamisha na kutazama. Asubuhi saba bila kijiwe, njia iko wazi. Kijiwe kimoja tu, hesabu inaanza upya.

Chungu kilikuwa kitupu siku nne. Jioni ya siku ya tano, Methusela, mchungaji mzee kidogo mwenye sauti ya kukwaruza, alirudi na ng'ombe, akainama, na Loisi akasikia: *ko*.

Kijiwe kimoja, kidogo kama jino la mbuzi.

Loisi alisimama na ufagio mkononi. Siku zote zilizopita zifutwe kwa hiki? Pengine Methusela aliona nyoka mdogo. Pengine hakuwa nyoka, ulikuwa mkia wa kenge. Alitazama huku, akatazama kule, mkono ukaingia chunguni wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine. Kijiwe akakitupa kwenye majivu.

Siku ya sita vikaingia viwili. Mara hii mkono haukusitasita.

Asubuhi ya siku ya saba Matonya aliinamisha chungu, akakitikisa, akakipiga mgongoni kama anayempigapiga mtoto aliyepaliwa. Hakikutoa kitu. "Hm," alisema. "Baridi imewahi mwaka huu." Hassani, aliyekuwa amekuja kusikia habari, alirusha kofia yake juu na kushindwa kuidaka. Kesho safari.

Loisi alitwanga siku hiyo kwa furaha mpaka uwele ukaruka nje ya kinu. Alikuwa katikati ya kutwanga alipomwona shangazi Anyesi anapita na kamba ya kuni begani, na mwanawe Gideoni, wa miaka mitatu, anakimbia mbele uchi na kijiti mkononi.

"Shangazi, wapi huko?"

"Njia ya Bahi, mwanangu. Kuni za huku zimekwisha, na kule tuliogopa kwenda tangu mavuno. Sasa chungu si kitupu? Hata akina mama Khamisi wanakuja nyuma na watoto. Tumshukuru Mungu."

Akapita.

Mchi ulibaki juu mikononi mwa Loisi. Chungu hakikuwa cha safari tu! Hilo hakuwahi kuliwaza hata mara moja. Alidhani ni cha baba, na Hassani, na Bwana Manyoya. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinapita pale kila asubuhi na kuchungulia, kinaamua watoto wacheze wapi na kuni ziokotwe wapi.

Mchi ulianguka. Loisi alikuwa ameshafika mlangoni.

Alikimbia mpaka kifua kikawaka. Alimpita shangazi kwenye kona bila kusema neno, maana hakuwa na pumzi ya neno. Mbele, Gideoni alikuwa anafukuza panzi. Na mbele ya panzi, katikati ya njia pale jua lilipopiga, kulikuwa na kipande cha gogo kinene, chenye madoa ya kahawia na njano. Gogo halikuwa na sababu ya kuwa pale. Hata mti wa karibu zaidi ulikuwa mbali.

"Gideoni, simama!"

Gideoni akadhani ni mchezo. Akacheka, akaongeza mbio.

Loisi alimdaka mkono, wote wakaanguka chali kwenye vumbi. Hatua moja tu mbele yao, lile gogo lilivimba na kutoa pumzi ndefu, *fuuuu*, kama mvukuto wa mhunzi. Loisi alijiburuta nyuma kwa makalio, mtoto kifuani, polepole, polepole, mpaka mikono ya shangazi ikawashika wote wawili.

"Yesu wangu!" Anyesi alipiga yowe. "Na chungu kilikuwa kitupu!"

Hapo Loisi angeweza kunyamaza. Nyoka hana saa, angeweza kusema amekuja leo. Wanawake wengine walikuwa wamefika, na Methusela amekuja na fimbo, na nyuma yao Matonya na Hassani waliosikia kelele. Wote walimtazama kama shujaa. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Hakikuwa kitupu," Loisi alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hakikuwa kitupu. Kulikuwa na mawe matatu. Mimi niliyatoa. Nilitaka twende Bahi. Nimekosa, shangazi. Nimekosa, baba. Nimewakosea wote."

"Nilijua!" Methusela alisema. "Nikasema labda akili yangu imezeeka, ninadhani nimetia kijiwe kumbe sikutia."

Shangazi Anyesi aliinua mkono juu. Ukakaa hapo hewani kitambo. Kisha akaushusha, akamvuta Gideoni kifuani, akaanza kulia, na Loisi angeona afadhali kofi.

Matonya alirudi nyumbani, akaokota kijiwe, akakitia chunguni mbele ya watu. *Ko*. Hesabu ikaanza upya.

Kazi ya kumweleza Bwana Manyoya ilimwangukia Hassani. Alimpeleka akaone kifutu ambaye Methusela alikuwa amemuua. Mzungu akampima kwa kamba, akamchora kutoka mbele, akamchora kutoka ubavuni, akafurahi kuliko mtu aliyepata ndege kumi. Kisha akapima pia umbali toka yule nyoka hadi alama za nyayo za mtoto. "Amesema tutasubiri," Hassani aliwaambia watu. "Amesema Matonya ndiye mwenye kalenda."

Siku saba zile zilikuwa ndefu. Loisi alifagia, alitwanga, alichota maji. Kila jioni alikwenda mwenyewe njiani kuwauliza wachungaji wameona nini, na kila asubuhi alikaa mbali na chungu. Baridi ilikaza. Upepo ulivuma toka mashariki mpaka ng'ombe wakagoma kutoka zizini. Vijiwe havikuingia. Baba yake alikula chakula alichompikia, akamrudishia bakuli, hakutaja safari wala adhabu. Loisi alijua jibu lake. Nani ampeleke njiani mtu anayeiba mawe?

Asubuhi ya kuondoka, wapagazi wakiwa wamejipanga na Hassani akiwapigia kelele, Loisi alijificha nyuma ya ghala. Hakutaka kuiona migongo yao ikielekea kule jua linakotua.

"Loisi!"

Alitoka, akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Simama." Matonya alikuwa ameshika vibuyu viwili vya maji. Watu walikuwa wanatazama, naye hakuwaondoa. "Mwanangu, mtu akiona nyoka akasema, wenzake watapita salama. Akiona akaficha, nyoka anabaki pale pale, na atakayemkanyaga ni mwingine, tena mara nyingi ni mtoto. Ukweli hata ukituchelewesha, unatufikisha. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Wewe ulificha. Lakini ulipoweza kunyamaza, na watu wanakusifu, ulisema. Hiyo sikukufundisha mimi." Akamwekea vibuyu mikononi. "Utabeba hivi."

Loisi alivikumbatia. Hassani akapaza sauti, "Haya, tuondoke, jua linapanda!" Wapagazi wakainua mizigo. Lakini Matonya hakusogea. Alichora chini kwa fimbo yake, akafuta kwa mguu, akachora tena.

"Loisi," alisema, na sauti yake, ile ya kuongoza misafara, ilikuwa imeshuka mpaka ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya ugenini. "Siku ile ulisimama mbele ya kijiji ukasema nimekosa. Mimi nina nywele nyeupe, na neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu. Tuna siku tatu njiani kabla ya kufika kwa dada yako. Kwa Lydia."

Hassani, aliyekuwa amefungua kinywa kutania, aliwaashiria wapagazi watue mizigo.

"Nifundishe namna ya kulisema."