Muhuri wa Walgaro

Maiti ya Weizero Amsale Kidanu ilikutwa chini ya ngazi, saa moja kasorobo asubuhi, siku ya mkutano mkuu. Kwa miaka sita alikuwa rais wa Jumuiya ya Wakunga ya Tesfa. Mlinzi, Gashe Tilahun, ndiye aliyemwona kwanza.

Inspekta Wondwossen Tafere alipofika mtaa wa Kazanchis, ua wa makao makuu ya jumuiya ulikuwa hautulii. Wenyeviti wa matawi waliotoka Jimma, Gondar na Dire Dawa walikuwa wakienda na kurudi na shuka zao nyeupe mabegani, kama kuku walioona kivuli cha mwewe.

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya maiti.

"Fuvu limepasuka, lakini hakufa papo hapo," alisema. "Na hivi sivyo alivyoanguka. Kalazwa ubavu wa kushoto, goti limekunjwa, mkanda umelegezwa."

"Ili iweje?"

"Asisongwe na damu. Mkunga humlaza mgonjwa hivyo."

Inspekta akatupa jicho uani. Wakunga watupu. "Umenirahisishia kazi, daktari," alisema kwa uchungu.

Sajini Lelise alifumbua ngumi ya marehemu. Ndani mlikuwa na pembe ya karatasi iliyochanika, yenye nusu ya muhuri wa zambarau: "-garo". Mkobani mlikuwa na tiketi ya basi la kutoka kusini, ya jana.

"Nani aliingia leo kabla yake, Gashe?" Inspekta alimuuliza mlinzi.

"Etiye Yeshi, mratibu wa matawi. Saa kumi na moja, kuchoma kahawa ya wageni. Rais akafuata, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baadaye Etiye Yeshi akatoka kununua mkate. Aliporudi, mie nilikuwa nimeshaiona maiti."

"Alilia?"

Mzee alifikiri. "Aliniuliza kama nimeshawapigia polisi simu."

Inspekta alitoka uani akaomba kila tawi lionyeshe muhuri wake. Mihuri kumi na mitatu ilitoka mikobani.

"Mimi silali bila wangu," alisema Sista Chaltu wa Jimma, mwanamke mnene mwenye macho mekundu kwa kulia. "Mume wangu anauonea wivu."

"Matawi ni kumi na manne. La mwisho ni lipi?"

"Walgaro, kule kusini. Hao hawaji. Kila mwaka wanaleta barua ya udhuru na ripoti nzuri kuliko zetu sote. Sisi tunazika akina mama, Walgaro hafi hata paka."

"Mkunga wao ulishamwona?"

"Sista Bizunesh? Zamani. Muulize Etiye Yeshi, barua zote zinapitia kwake."

Inspekta alipiga simu kituo cha polisi cha Walgaro. Koplo aliyepokea alicheka kidogo, kisha akaacha. Mkunga gani, afande? Bizunesh alikufa kwa homa miaka minne iliyopita. Zahanati ilikuwa imefungwa, majani yamefika dirishani. Juzi mama mmoja wa mjini alikuja akazunguka nyumba kwa nyumba akiandika majina ya wanawake waliofariki wakijifungua.

Lelise alipekua ofisi ya mratibu. Muhuri ulikuwa kwenye kopo la sukari.

Yeshimebet Alemu, ambaye wote walimwita Etiye Yeshi kwa heshima, aliingia akijifuta mikono. Alikuwa na miaka sitini, mgongo umenyooka. Nusu ya wenyeviti wale aliwafundisha kazi yeye.

"Keti, Etiye."

"Nimezoea kusimama, mwanangu."

Inspekta aliweka muhuri mezani. "Ripoti ya mwisho ya Walgaro aliandika nani?"

Mama aliutazama muhuri. Hatimaye akaketi.

"Tawi lile nililifungua mimi," alisema. "Bizunesh alipofariki nilitafuta wa kumrithi. Hakuna aliyekubali kwenda. Nikaandika ripoti moja. Moja tu, mpaka apatikane mtu."

"Halafu?"

"Halafu wizara ikajibu kwamba Walgaro wana mkunga tayari, hawapangiwi mwingine. Ningesemaje? Nikaandika ya pili."

"Miaka minne."

"Miaka minne."

"Akina mama wangapi, Etiye?"

"Amsale alihesabu kumi na tisa. Alitaka kuyasoma majina leo, mbele ya watoto wangu hawa. Nikamwambia asubiri, nijiuzulu kimya kimya. Akasema waliokufa hawakupewa nafasi ya kusubiri. Nikaivuta ile ripoti mkononi mwake. Sikumsukuma. Ilichanika, akaenda chini."

"Ukamlaza ubavu."

"Mikono ilijiendea yenyewe. Alikuwa anapumua. Nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo."

"Hospitali iko mtaa wa pili."

"Naijua."

"Kwa nini hukuita mtu?"

Lelise aliacha kuandika.

"Kwa sababu angezinduka," alisema Yeshimebet. "Angezinduka, angesema. Nilikaa naye robo saa, Inspekta, mpaka mapigo yakakoma. Miaka thelathini na minne sijapata kumwacha mgonjwa. Hata yeye sikumwacha. Nilimnyima msaada tu."

Alinyoosha mikono mwenyewe kabla ya pingu kutolewa.

Walipompitisha uani, watu waliacha kutembea. Hakuna aliyemtukana. Inspekta aliwaeleza yote kwa maneno machache, kwani alijua yangewafikia tu, tena yakiwa yamepotoka. Mtu mmoja alianza kusema mkutano uahirishwe, wachague rais mpya baada ya mazishi.

"Chagueni mnayemtaka," alisema Sista Chaltu. Alikuwa anafunga mkoba wake. "Huko Walgaro, hivi sasa, kuna mtu ana mimba ya miezi tisa. Basi la kusini linaondoka saa ngapi?"