Shamba Safi la Kagwe

Pa, pa, pa. Ciku alisikia mlio huo akiwa jikoni, akichambua njahi za mbegu, yale maharagwe meusi. Alidhani ni mtu anayevunja kuni. Kisha harufu ya moshi ikaingia mlangoni.

Alitoka nje. Mumewe, Kagwe, alikuwa shambani akichoma mabua ya mahindi.

Kila mwaka kabla ya mvua, Kagwe hufanya hivyo. Huchoma mabua, halafu hukwangua shamba mpaka lisibaki na jani. Baba yake alimfunza kwamba shamba safi ni heshima, na shamba lenye takataka ni la mvivu.

Lakini heshima haiivi kwenye sufuria. Kwa misimu miwili mvua ilikatika mapema, na ghala lilikuwa tupu. Kilichobaki ni mkebe mmoja wa njahi. Binti yao Emmah, aliyeolewa Mwiki, alikuwa na mimba. Angejifungua mwisho wa Februari. Kwao, mama aliyejifungua hupikiwa njahi ili apate nguvu na maziwa. Wakila mkebe huo sasa, Emmah atakosa. Wakiupanda na mvua ikatike tena, atakosa vilevile, na mbegu itakuwa imeisha.

"Jirani, leo unanipikia moshi?" Aliyeuliza alikuwa Mbinya, mama yake Mutinda, akiwa upande wa pili wa ua.

"Nasafisha, Mama Mutinda," Kagwe alijibu. "Nyinyi Wakamba ndio mnapenda kulima kwenye takataka."

"Na nyinyi Wakikuyu mnataka shamba likae kama sebule. Haya, huko sebuleni mlivuna nini?"

Ciku alicheka. Kagwe hakucheka.

Mbinya alizaliwa Yatta, mahali pakavu kuliko hapa Theta. Siku hizi humsaidia afisa wa kilimo kufundisha vikundi vya wakulima. Alipita kwenye ua, akainama, akachota udongo.

"Shika," alisema. "Vumbi tupu. Udongo ukiwa uchi, jua linaufyonza unyevu wote. Mvua ikija, maji hayaingii. Yanateremka hadi barabarani, tena yanabeba udongo wako mzuri. Hayo mabua unayochoma ndiyo blanketi yake."

"Mabua huleta mchwa," Kagwe alisema.

"Mchwa akipata mabua makavu, mara nyingi hula hayo kwanza. Usipompa, atakula nini? Mahindi yako."

Kagwe alichukua tawi bichi, akaanza kuupiga moto.

"Sasa tufanye nini?" Ciku aliuliza. "Sina mbegu ya kupoteza, mama. Mtoto wangu anazaa."

"Chimba mashimo mapana, yenye kina cha kufika chini ya goti," Mbinya alisema. "Yapange kukata mteremko, mstari wa chini uzibe nafasi za mstari wa juu. Maji yakikwepa shimo moja, yaingie lingine. Changanya udongo wa juu na samadi, urudishe, lakini usijaze. Acha pakae kama sahani. Katikati ya mistari tandaza mabua. Panda njahi kwenye mashimo. Inavumilia kiangazi, na ikitambaa inafunika udongo."

"Nipande mkebe wote?"

"Hapana. Panda nusu. Nusu ichanganye na jivu wadudu wasiitoboe, uifunike vizuri. Angalau jivu mnalo."

Hapo Kagwe alitabasamu kidogo. Lakini alikuwa mtu mgumu. "Nitachimba upande mmoja tu," alisema. "Ule mwingine nimeshausafisha. Nitapanda mahindi kama baba."

Walichimba asubuhi, jua likiwa chini. Udongo ulikuwa mgumu kama sementi. Wapita njia walisimama kutazama.

"Kagwe, unazika nani?" mmoja aliuliza.

"Nazika njaa," Ciku akajibu kabla mumewe hajafungua mdomo.

Mvua ilinyesha Oktoba, nzito na ya haraka. Kagwe alisimama mlangoni akaitazama. Upande safi, maji mekundu yalikimbia hadi barabarani. Upande wa mashimo, maji yalisimama, yakazama polepole.

Kisha mvua ikakatika, kama walivyoogopa. Mahindi ya upande safi yalijikunja, yakakauka kabla ya kubeba. Ciku aliinua mabua upande wa pili, akaingiza kidole ardhini.

"Baba Emmah, njoo uguse," aliita.

Udongo ulikuwa baridi na wenye unyevu. Njahi zilikuwa zimetambaa, zimechanua maua ya zambarau.

Februari walivuna njahi. Hazikujaza ghala, ila zilijaza gunia, na mbegu ilibaki. Emmah alipojifungua msichana, walibeba njahi hadi Mwiki. Ciku alizipika, akaziponda na ndizi. Emmah alikula, akaomba tena.

"Maitu, mama yangu, hizi mlinunua wapi? Huku bei haishikiki."

"Muulize baba yako. Ndiye aliyekuwa anachimba makaburi."

Kagwe alimchukua mtoto. Alikuwa binti wa pili wa Emmah, kwa hiyo kwa desturi yao alikuwa amepewa jina la nyanya mzaa mama, Ciku.

"Ciku mdogo," alisema kwa sauti, wote wakisikia. "Mimi guka, babu yako, nakuahidi. Lile shamba halitaona kiberiti tena. Nitauchimba na ule upande mwingine, hata wanicheke. Na siku wewe utakapozaa, utapikiwa njahi za pale."