Uzito Upande wa Abiria

Gari lilipaswa kutulia. Abby aliweka viganja viwili kwenye kona ya nyuma, upande wa abiria, akasukuma chini kwa uzito wake wote, akaachilia, halafu akahesabu vile kila fundi wa Nakuru huhesabu: shock ikiwa nzima, gari linapanda mara moja na kunyamaza, ikiwa imekufa, linacheza kama mlevi kwa harusi. Hili lilicheza mara nne. Sawa, zimekufa. Akapangusa mikono, akainama kuchukua spana, na nyuma yake springi ikalia mara ya tano.

Akageuka. Kona ile ilikuwa imeshuka kidogo tu, vile kitanda hushuka mtu akikaa pembeni. Kisha ikapanda, polepole.

"Engineer," Kamaljit akaita kutoka ofisini, "unatengeneza gari ama unaliombea?"

"Naangalia tu, mzee."

Engineer. Mwenye gereji alilitamka hilo neno na mdomo umepinda, na Abby alikuwa amezoea. Digrii ya Mechanical Engineering, second class upper, ilikuwa imelala chini ya godoro la mamake kule mtaa wa Rhonda, kwa chumba kimoja wanachoishi wawili. Miaka mitatu ya "we shall get back to you." Walikuwa bado njiani, kuja kumrudia. Kwa sasa alikuwa na ovaroli.

Gari lenyewe lilikuwa MGB ya kijani, ya mwaka wa sitini na saba, viti viwili tu, bila paa. Gari la Mwingereza asiye na mizigo wala ndugu. Lilikuwa limelala kwa banda la mashine ya mbao huko Elburgon tangu mwenyewe, Kirit, afariki. Miaka ishirini na sita, vumbi la mbao likiingia kila tundu. Mwanawe Mayur, mwenye hardware hapa mjini, alilivuta mpaka gereji kwa sababu moja: mamake. Bhanu alikuwa na miaka themanini na moja. Jumatatu angepasuliwa moyo, na kabla ya kisu alitaka kitu kimoja: akae tena kile kiti cha kushoto, Jumapili asubuhi, apelekwe Naivasha na kurudishwa. Daktari alikubali shingo upande, mradi mama asirushwerushwe na asishtuliwe. Kwa hivyo, shocks mpya.

Za zamani hazikufanana na unazozijua. Kila moja ilikuwa ngumi ya chuma yenye mkono, ndani mafuta, na mafuta yalishavuja enzi zile. Mayur aliagiza za kisasa kutoka Uingereza, ndefu, za gesi. Abby akazifunga Alhamisi, akiwa chini kwa shimo, gari limesimama juu yake. Ikabaki kazi moja. Bushi za mpira hazikazwi gari likiwa tupu, maana mtu akija kukaa zinajinyonga na kupasuka. Unazikaza gari likiwa limebeba. Gereji zenye pesa huweka mifuko ya mchanga kitini. Kwa Kamaljit unaita mtu akae.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limekaa juu ya mabati, mafundi wote wameenda kula kwa Linah. Abby akasikia mtu akitembea hapo juu. Au alidhani amesikia.

"Nani hapo? Hebu kuja ukae hapa kushoto, dakika mbili tu."

Gari likashuka. Springi ikalia, vumbi la mbao likamdondokea usoni.

"Poa. Hapo hapo. Usitoke mpaka nikwambie."

Akakaza nati ya kwanza, akakaza ya pili. "We ni mzito, aki. Kwa Linah umekula sufuria nzima?"

 Harufu ndiyo ilishuka, ya mbao mbichi iliyonyeshewa, na chini ya hiyo harufu nyingine, kama ya mdomo uliofungwa muda mrefu sana. Akapanda ngazi ili aseme asante. Kiti kilikuwa kitupu. Ngozi yake ilikuwa imebonyea, na ilibaki imebonyea.

Kamaljit aliingia akichokoa meno.

"Mzee, ni wewe ulikuwa umekaa hapa?"

"Mimi? Nimetoka kwa Linah sasa hivi. Nani amekaa?"

Abby akachukua futi akapima kutoka tairi hadi bodi. Kulia, sentimita thelathini na sita. Kushoto, thelathini na moja. Wakabadilisha shocks, ya kulia ikaenda kushoto. Kushoto bado chini. Wakabadilisha springi. Bado. Mwishowe wakafungua kiti chenyewe wakakiweka sakafuni, na gari, bila kiti, likazidi kuinama kushoto kama mtu aliyepoteza sikio na bado anasikiliza. Abby akacheka vibaya. Miaka mitatu anatafuta kiti kwa ofisi yoyote Kenya hii, na hiki kitu kimeitwa mara moja tu kikapata, permanent and pensionable.

"Rudisha kiti," Kamaljit akasema. "Kesho tunaenda road test. Barabara italinyoosha."

Ijumaa saa nne asubuhi wakatoka, Abby kwa usukani, Kamaljit kushoto, wakashika barabara ya Njoro, na kwa kilomita mbili za kwanza gari lilikuwa raha tupu, matuta yakipita chini yao kama si matuta, mpaka Abby akaanza kuona kwamba mzee aliyekuwa akiongea tangu gereji ameacha kuongea, na kwamba harufu ya mbao mbichi imerudi ijapokuwa hakuna paa na upepo unawapiga usoni, na kwamba kila anapokanyaga breki upande wa kushoto unashuka, unapanda, unashuka, unapanda, si kwa mwendo wa barabara bali kwa mwendo wake wenyewe, ule wa kifua cha mtu aliyelala, na alipogeuza kichwa akaona Kamaljit amesukumwa ndani ya kiti kama mtu aliyekaliwa, kilemba kimesogea, mikono imebanwa mapajani, macho yakimwangalia yeye na mdomo ukifunguka na kufungika bila sauti.

Akakata kona mpaka majani, akamvuta nje kwa kola. Mzee akapumua kwa mlio kama wa mlango mbovu. Walikaa ukingoni mwa shamba la ngano la mtu. Nyuma yao gari lilikuwa limezimwa na likaendelea kushuka na kupanda.

"Lilinikalia," Kamaljit akanong'ona. Kwa mara ya kwanza hakumwita Engineer. "Abby. Huyo mama na moyo wake. Dakika moja tu atakuwa amekwisha."

"Mwambie Mayur aahirishe."

"Nimwambie nini? Gari ina mtu?"

Gari walilirudisha gereji kwa kuvutwa na kamba. Jirani wa gereji alikuwa Hiram, Mkorino wa lile kanisa la vilemba, anayechomelea mageti siku sita na kukemea pepo siku ya saba. Alikuja na kilemba chake cheupe, akasimama karibu na kile cha Kamaljit, na siku nyingine Abby angewatania wote wawili. Hiram hakuomba kwa sauti. Aliweka kiganja juu ya mlango wa abiria, akakitoa haraka kama aliyeshika chuma cha moto.

"Hii haikuingia kwa nguvu," akasema polepole. "Nani aliiita?"

Abby akaeleza. Shimo, bushi, dakika mbili.

"Ukaiambia isitoke."

"Nilidhani ni mtu, Hiram."

"Haijali ulidhani nini. Ilikuwa imezunguka hilo gari miaka yote, hakuna aliyeikaribisha. Pepo mwizi mimi namfukuza. Huyu ni mgeni wako, mimi nitamfukuza nikiwa nani? Ni wewe utamwambia atoke. Na utamwambia anaenda wapi, kwa nani. Usipomtajia mtu, hatoki."

"Kwa nani? Nimtaje nani?"

Hiram alivaa miwani yake ya kuchomelea. Akarudi kwa mageti yake.

Jumamosi nzima Abby alijaribu ujanja. Alisimama kando ya mlango akanong'ona, "Toka, rudi Elburgon." Upande ukashuka sentimita moja. "Toka, nenda ziwani." Moja tena. Akafikiria majina. Alikuwa na orodha, usidhani hakuwa nayo: yule HR aliyemwambia mshahara anaoomba ni kama mahari, apunguze, yule mjomba aliyekula fee ya mwaka wa pili. Jina likafika hadi kwenye meno. Akafikiria pia mzee Kamaljit pale kwa majani, ule mdomo uliofunguka bila sauti. Akalimeza jina.

Jumapili saa mbili asubuhi Mayur alifika. Bhanu alikuwa amevaa sari ya rangi ya zafarani, viatu vya raba, na miwani ya jua ya mwanawe.

"Uncle, gari liko ready?" Mayur akauliza.

Kamaljit alitazama chini. "Mayur, leo hapana. Kesho kutwa."

"Kesho ni operesheni, Uncle. Mnanicheza? Na mbona linainama? Hizo shocks nimeleta mpya." Akamgeukia Abby. "Ni huyu amefunga? Ndio maana."

"Shocks ziko sawa," Abby akasema. "Mama asikae hapo."

"Kwa nini?"

Wakati wanabishana, Bhanu alikuwa ameshatembea hadi kwenye gari. Alifungua mlango wa kushoto mwenyewe, akaweka kiganja juu ya ngozi iliyobonyea, akakiacha hapo kwa muda. Mayur akamwita mamake, "Ba, ngoja." Mama akatabasamu kama aliyemkuta mtu. Kisha lile tabasamu likamtoka.

"Nilidhani ni yeye," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu si Kirit. Kirit alikuwa mwepesi."

Lakini hakutoa mkono, na Abby akaona ni kwa sababu haukutoka. Bhanu alikuwa anavutwa, taratibu, bega likifuata kiwiko, sari ikikwama kwenye mlango, miguu ya raba ikiteleza juu ya saruji yenye oili, na Mayur amemshika kiuno anavuta bila kuelewa anavuta dhidi ya nini, na Kamaljit anasema jina la Mungu wake tena na tena kama mtu anayehesabu, na upande wa abiria unashuka, unashuka, mpaka tairi likagusa bodi na ile pumzi ya mbao mbichi ikajaa gereji yote.

Abby akainama karibu na kiti. Hakupiga kelele.

"Toka," akasema. "Kuja na mimi."

Springi zikalia zote pamoja. Gari likainuka kushoto, likapanda mara moja, likanyamaza. Bhanu alianguka mikononi mwa mwanawe, akahema, akajishika kifua, akahema tena. Baadaye, alipokunywa maji na rangi kurudi usoni, alisema atakwenda Naivasha, na hakuna aliyeweza kumzuia. Abby alipima: thelathini na sita, thelathini na sita. Akamfunga mama mkanda mwenyewe. Gari likatoka getini limenyooka, sari ikipepea, Bhanu akicheka kitu na mwanawe.

"Umemtajia nani?" Hiram akauliza kutoka upande wa pili wa ua.

Abby alivua ovaroli, akaikunja, akavuka barabara hadi kwa Linah. Kulikuwa na benchi moja pale nje, ubao mrefu juu ya gogo moja la katikati. Kila mteja anajua hukai pembeni ukiwa peke yako, litakubwaga. Linah alikuwa ndani anakoroga chai. Abby alichoka kiasi cha kutokumbuka. Akajitupa pale pembeni kabisa, miguu ikaning'inia.

Benchi halikuinama.