Jina Tusiloliandika

Ndugu zangu wa bonde la Kilombero, mlioko Kiberege, mlioko Ifakara, na ninyi wa ng'ambo ya mto kule Lupiro, mimi naitwa Marcelino, mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja katika kijiji kimoja tu. Nusu ya watu wazima wa kijiji hicho niliwashika mkono wakiandika herufi zao za kwanza. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, hata kama katikati mtatamani kunitemea mate.

Nyumba yangu ilikuwa na amani. Mwezi wa saba, mpunga ukishaingia ndani, jioni mke wangu Oliva alikuwa akikaanga perege uani, mimi nimekaa na redio yangu, na Sayi anapita na maziwa. Huyu Sayi alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake miaka ishirini iliyopita. Maksai wake ndio waliolima karibu mashamba yetu yote.

"Shikamoo mwalimu," anasema akifika.

"Marahaba, Sayi. Habari za huko?"

Oliva anachungulia kwenye ndoo ya maziwa, anakunja uso. "We Sayi, leo umeongezea maji ya wapi? Maziwa mepesi hivi!"

"Mama Kristina, ng'ombe ndiye aliyekunywa mto mzima, mimi sijaongeza kitu!"

Tunacheka, anapimiwa mchele wake, anaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na wala sikujua kwamba ni maisha mazuri.

Mwezi wa nane, mashine ya kusukuma maji ya kisima cha kijiji ikang'olewa. Mwenyekiti wetu, Ponsiano, akatangaza kwamba imepelekwa kwa fundi Ifakara. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Akina mama wakarudi kuchota maji mferejini, kule kule kunakofuliwa nguo, kunakoogeshwa watoto, kunakonyweshwa ng'ombe.

Sasa msidhani kuna siri hapa. Mashine haikufika Ifakara. Ilikuwa shambani kwa Ponsiano, inamwagilia nyanya, kando ya barabara, mchana kweupe. Mvua zilipoanza ikafunikwa turubai pale pale. Kila aliyekwenda gulioni aliiona. Mimi niliiona mara nyingi kuliko idadi ya vidole vyangu. Tulikuwa tunapita, tunageuza shingo upande wa pili, tunaongea habari za mvua.

Mtaniuliza, mtu wa namna hiyo aliupataje uenyekiti? Tulimpa sisi. Wakati wa uchaguzi alichinja dume la ng'ombe akapika wali. Mpinzani wake, fundi baiskeli mmoja mkimya aliyekuwa na daftari la mambo ya kijiji, hakuwa na wali. Tukala, tukafuta midomo, tukaenda kuweka tiki. Mimi mwalimu wenu nilirudia sahani. Na baada ya hapo, mkutano wa kijiji uliotakiwa kuitishwa kila miezi mitatu haukuitishwa hata mmoja, na hakuna aliyeuliza. Tulifurahi kupata nafasi ya kwenda shamba.

Mwezi wa tatu maji yakajaa, na watoto wakaanza kuhara na kutapika. Mganga wa zahanati alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa amevaa mabuti, anarudia maneno yale yale: chemsheni maji, rudisheni mashine ya kisima. Watu wakamwambia kuni zimelowa. Oliva peke yake ndiye aliyeyashika. Alikuwa anachemsha sufuria mbili asubuhi na mbili jioni, macho mekundu kwa moshi, na kila jirani aliyepita, Oliva alimwambia, "Dada, chemsha, tafadhali chemsha." Walimwona ana maringo.

Katika wiki moja tukazika watoto wawili. Siku ya pili yake wanawake walikwenda kukaa chini mbele ya nyumba ya Ponsiano, bila kusema neno. Aliogopa. Mchana huo huo akaitisha mkutano.

Tulipokusanyika, kabla hajamaliza salamu, Oliva alisimama.

"Mwenyekiti, mimi nina swali moja tu. Mashine ya kisima iko wapi?"

Jamani! Watu zaidi ya mia mbili, na hakuna aliyeunga mkono. Mmoja akakohoa, mwingine akacheka kwa pua. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ponsiano alitabasamu. "Mama yangu, swali zuri sana. Lakini tuanze na shina. Hii mikosi imeletwa na nani? Mfereji umechafuliwa na nani? Kuna watu humu kijijini wanatuhujumu. Leo kijiji kitawataja chenyewe. Tutapiga kura ya siri."

Wengi wenu mnaijua kura hiyo. Kila mtu anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la mtu anayedhani ndiye adui wa kijiji, anatumbukiza kwenye ndoo. Asiyejua kusoma anaandikiwa. Hakuna ushahidi, hakuna kujitetea. Atakayepata kura nyingi ndiye. Na mhesabuji nilichaguliwa mimi, kwa sababu mimi ni mwaminifu, walisema, na makofi yakapigwa.

Sasa sikilizeni. Mwandiko wa mtu niliyemfundisha siupotezi. Nilipofungua zile karatasi, nilisoma majina, na nilisoma pia walioyaandika. Mkwe kamwandika mama mkwe. Jirani kamwandika jirani aliyegombana naye kwa mpaka wa jaruba la mpunga. Mzee mmoja kamwandika mwenzake anayemfunga bao kila siku. Msitetemeke, sitawataja. Majina yalitawanyika hovyo, ila moja likazidi: Sayi. Ng'ombe wake wanakunywa mferejini, si ndiyo? Na si mwenzetu, ametoka mbali. Nami kura yangu ilikuwa humo humo. Nilimwandika Sayi. Sikuwa na kisa naye. Wote walikuwa wanamnong'ona yeye, nikaona kura moja haina uzito.

Alipewa siku saba awe amehama kijiji. Siku ya sita alikuja kutuaga, akasimama nje, hakutaka kukaa.

"Mwalimu, nasikia ulihesabu wewe. Zilikuwa nyingi?"

"Zilikuwa nyingi, Sayi."

"Haya."

Oliva alilia kwa sauti, akamfungia mchele wa safari. Kesho yake Sayi na mkewe walipita na ng'ombe na watoto wao, tukiwatazama kutoka vibarazani. Baadhi yetu walipiga vigelegele.

Je, watoto walipona? Wangeponaje, na maji ni yale yale? Mwezi wa nne tukazika mwingine, kisha mwingine. Na kwenye vilabu vya pombe yakaanza maneno mapya: mbona kwa mwalimu hakuna anayeharisha? Wajukuu zake wako watatu pale, wazima kabisa. Na si ndiye yule mwanamke mwenye mdomo mrefu mkutanoni? Yaani maji ya kuchemsha yaliyokuwa yanawalinda wajukuu zangu ndiyo yakageuka ushahidi. Ponsiano alipita vilabuni siku mbili tatu, ananunulia watu pombe, kisha akaitisha kura nyingine.

Asubuhi ya mkutano Oliva alinishika mkono. Katika miaka arobaini ya ndoa hakuwa mtu wa kunishika mkono mbele ya watoto.

"Baba Kristina, usiende kuhesabu."

"Nisipokwenda watasema tumeogopa."

"Basi ukiwa pale mbele, sema. Sema ulichokiona kwenye shamba la nyanya. Wewe watakusikiliza, umewafundisha."

"Nitasema."

"Kweli?"

"Kweli, mama. Nitasema."

Sikusema. Nilifika, nikakuta watu wamenyamaza namna ambayo sijawahi kuiona, na vijana wa sungusungu, walinzi wa kijiji, wamesimama nyuma na fimbo. Nikachukua karatasi yangu kama wengine, nikaandika, nikakunja, nikatumbukiza. Kisha nikaanza kuhesabu kwa kusoma kila jina kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka.

"Oliva."

Nikafungua nyingine. "Oliva." Nyingine. "Oliva."

Alikuwa amesimama upande wa wanawake, na wale waliokuwa karibu naye wakawa wanasogea mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake. Karatasi moja ilinisimamisha. Ile O ilikuwa haijafungwa juu. Duniani najua mtu mmoja tu anayeshindwa kufunga O, nilimchapa kwa hiyo akiwa na miaka saba: Ignas, mdogo wangu wa tumbo moja, anayekula kwangu kila Krismasi. Nilimtafuta kwa macho, akaangalia chini. Nikaisoma na hiyo.

Ningeweza kuigeuza ile ndoo. Ningeweza kusema nimeumwa. Niliendelea kusoma. Mara arobaini na saba nilitamka jina la mke wangu, kwa ile sauti yangu ya darasani inayofika nyuma kabisa.

Huku kwetu mtu akishatajwa hupelekwa kwa mganga wa kienyeji akanyolewe nywele zote, ati uchawi umtoke. Nyumbani nilipiga magoti, nikamwomba akubali. Nilimwambia nywele zitaota, tutaachwa tukae kwa amani.

"Nikikubali kunyolewa nimekubali kwamba niliwaua wale watoto," akasema. "Hapana, mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo ndani ya nyumba yetu.

Asubuhi alifunga nguo zake akaenda barabarani kungoja gari la Kiberege, kwa dada yake. Sungusungu walimkuta kwenye kijiwe cha bodaboda. Hawakuhangaika na mganga. Walimkalisha chini pale pale wakamnyoa kwa wembe mkavu, mwanamke wa miaka sitini na moja, watu wamemzunguka, simu zinarekodi. Nilifika nikikimbia. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Jamani, jamani." Basi. Damu ilikuwa inamchirizika sikioni, na hakuniangalia. Gari lilipokuja alijifunga kanga kichwani akapanda.

Wiki iliyofuata akafariki mtoto wa mwisho wa Ignas, msichana wa miaka mitatu. Baada ya mazishi Ignas alikuja kukaa uani kwangu.

"Kaka," akasema, "sasa ni nani?"

"Ignas, niliuona mwandiko wako."

Alilia mpaka mabega yakawa yanaruka. "Wote walikuwa wanamwandika yeye, kaka. Niliona kura moja haina kitu."

Nilitaka kumpiga. Mkono haukunyanyuka, maana maneno hayo yalikuwa yangu.

Leo ninapowasimulia, Ponsiano bado ni mwenyekiti. Mashine bado iko kwenye nyanya. Mashamba yetu mengi hayakulimwa, kwa sababu maksai waliondoka na mwenyewe. Akina mama wanachota mferejini.

Kiberege naenda kila mwezi. Shemeji yangu ananipa kiti, ananipa chai, Oliva anatoka anakaa mbali kidogo, tunaongea habari za wajukuu. Nywele zimeota nyeupe zote. Safari moja nilijipa moyo nikamwambia, "Mama Kristina, turudi nyumbani."

"Nikuulize kitu kimoja, unijibu kweli. Ile kura ya pili, wewe uliandika jina la nani?"

Nilijua siku ya swali hilo ingefika.

"Nilikuwa nimesikia watakuandika wewe," nikasema. "Nilitaka kukuokoa. Nilitafuta jina ambalo lingeweza kupata kura nyingi kuliko lako."

"Jina la nani?"

"Dativa."

Dativa ni kikongwe mjane wa nyuma ya nyumba yetu. Hana mtoto, haoni vizuri. Oliva ndiye aliyekuwa anampelekea maji, yaliyochemshwa.

"Dativa," akarudia polepole. "Ponsiano hakukujia kichwani?"

Naapa mbele yenu, hakunijia. Karatasi ilikuwa yangu, kalamu yangu, hakuna aliyekuwa ananichungulia, na jina la mtu aliyetunyang'anya maji halikupita akilini mwangu hata kidogo. Katika kura zile zote mbili, karatasi zaidi ya mia nne, nilizofungua kwa mikono hii, halikuwemo hata mara moja.

Oliva aliinuka, akachukua kikombe changu kilichokuwa bado na chai, akaingia ndani. Nilingoja mpaka jua likaanza kushuka. Hakutoka tena.

MAFUNZO

Wapigakura wenzangu, mara nyingi tunasema viongozi wametuharibia nchi. Waliwekwa na nani? Wali ule tulikula sisi. Mikutano isiyoitishwa tuliikalia kimya sisi. Kiongozi anayeshindwa kazi yake hukutafutia adui: leo mfugaji, kesho mwanamke anayeuliza, keshokutwa kikongwe asiyeona. Atakupa na karatasi uandike mwenyewe, ili kesho usiwe na mdomo wa kumlaumu. Ukishaandika, umekuwa mwenzake.

Kwa hiyo akikwambia nani ni mbaya wako, mwulize kwanza yeye amefanya nini na alichokabidhiwa. Uliza mkutanoni, watu wakisikia. Na mwenzako akisimama kuuliza, usimwache peke yake, hata kama unaogopa. Siku ile mke wangu alisimama mwenyewe. Angesimama mtu wa pili tu, wengine wangefuata, na Oliva angekuwa nyumbani kwake leo. Mtu huyo wa pili alikuwa mimi, nami nilikuwa nimeinama nafunga kiatu.