Jina Lililoachwa Weupeni

Landirova ya Bwanausi haikuwa gari la kumpakia mtu unayempenda. Ilimzidi umri mwenyewe, mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba, na breki hazikushika mpaka uzikanyage mara tatu na kumtaja Mungu. Lakini kwenye mchanga! Ukishaitia fowili, magurudumu yote manne yakivuta, ilipita pale ambapo magari ya wenye nazo hulala mpaka asubuhi yakingoja kuvutwa. Ndiyo maana watu wa Kaole walimcheka siku zote, na wakipata shida walimpigia simu yeye.

Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, alipakia madumu mawili ya maji ya rejeta, koleo na gunia tupu. Dada yake Mwajabu akatoka uani akijifuta mikono kwenye kanga.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Weupeni. Nikachukue chumvi ya samaki."

"Leo? Na mtoto yuko hivi?"

"Isha itanikuta nimerudi, dada."

Mwajabu hakubishana. Alikuwa amechoka mno. Siku ya kumi na tisa hiyo binti yake Fatu, mtoto wa miaka tisa, amelala mkekani macho wazi, hali, hasemi, haitiki. Hospitali walimpima malaria, wakampima taifodi, wakampima na damu yote, hawakuona kitu. Shehe alimsomea mpaka sauti ikamkauka.

"Naona unavyokonda kwa ajili yake," Mwajabu akasema. "Baba yake mwenyewe yuko Tanga, hata simu hapigi. Wewe ndiye baba. Mungu akulipe, mdogo wangu."

Mungu akulipe! Bwanausi aliingia garini haraka ili dada yake asimwone uso.

Maana ugonjwa wa Fatu yeye aliujua ulikotoka.

Mama yao, marehemu Bi Biubwa, alikuwa mganga wa pepo, anayeheshimiwa kuanzia Kaole mpaka Mapinga. Alipofariki aliacha mkoba wake: kikapu cha ukili, ndani vibuyu vitatu, kitambaa chekundu na chupa ya marashi. Mkoba wa uganga haugawiwi kama sufuria. Ama apatikane wa kuurithi na kuwatunza pepo waliomo, ama urudishwe ulikotoka. Mwajabu alikataa kuurithi. Bwanausi akakataa pia. Basi yeye, kwa kuwa ndiye mwenye gari la kufika, akapewa kazi ya kuurudisha Weupeni, kwenye jabali la tumbawe alikoupata bibi yao zamani.

Na kuurudisha si kuutua na kukimbia. Unauweka chini, unanyunyiza marashi, halafu unajitaja mara tatu, jina lako na la mama yako, kwa sababu pepo hawamjui mtu kwa baba yake. Unajitaja ili wakiwa na neno wajue wa kumfuata. Hapo ndipo Bwanausi alipoishiwa nguvu. Alisimama mbele ya jabali lile peke yake, upepo ukakata ghafla, na mdomo wake ukasema:

"Mimi ni Fatu, mwana wa Mwajabu."

Mara tatu.

Usiniulize kwa nini Fatu. Alijiambia pepo hawana haja na mtoto mdogo, asiye na mali wala nyumba, na kwamba wataliona jina lile na kulipuuza. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi. Siku ya tatu yake mtoto akaanguka kando ya kisima, ndoo mkononi, na tangu hapo hakutamka neno. Kila Mwajabu alipomshukuru kwa dawa alizonunua, Bwanausi alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Basi akaona aende mwenyewe akaseme jina lake, liwalo na liwe.

Alipita mjini, akashika lami mpaka Makurunge, kisha akaingia njia ya vumbi kuelekea kaskazini. Nyumba zikapungua. Vichaka vya miiba navyo vikapungua. Alikutana na wachota chumvi wakirudi kwa baiskeli, vichwa wamejifunga vitambaa, na mmoja akampungia mkono kwamba ageuze. Bwanausi akajifanya anatazama geji ya maji.

Weupeni hakuna mti. Ni uwanda mtupu wa chumvi na udongo uliopasukapasuka, mweupe mpaka macho yanauma, na mchana unaona maji mbele yako ambayo hayapo. Hakuna barabara, kila dereva anapita anapojua. Akatia fowili, akaiacha Landirova ikinguruma polepole juu ya ganda la chumvi. Krr... krr... krr... Jua lilikuwa linazama, na weupe wote ule ukageuka rangi ya shaba.

Akalifika jabali. Hakuzima injini, maana akiizima huenda isiwake tena. Akashuka.

Kikapu hakikuwepo.

Kilichobaki ni kitambaa chekundu, kimekunjwa vizuri kama kanga inavyokunjwa na mtu nadhifu. Hapakuwa na nyayo. Bwanausi akajaribu kusema alichojia, lakini ulimi, ule ule ulioteleza kwa wepesi siku ile, sasa ulikuwa mzito kama mawe.

Ndipo injini ikazima yenyewe.

Kimya.

Kisha harufu... Udi. Halafu marashi juu yake, mazito, kama kwenye chumba cha maiti aliyekwisha kukafiniwa.

"Hujambo, Fatu."

Sauti ilitoka garini.

Bwanausi aligeuka. Kwenye kiti cha abiria alikaa mwanamke mzee, buibui amejifunika la kizamani, mikono kaiweka magotini kwa adabu. Kamba ya mlango ilikuwa bado imefungwa. Hakuna aliyeifungua.

"Shikamoo, bibi," Bwanausi akanong'ona. Hofu ilikuwa hofu, lakini malezi ni malezi.

Mwanamke hakuitikia marahaba.

"Nimekusalimia, Fatu. Hujambo?"

"Mimi si Fatu."

"Ndilo jina ulilotupa."

"Nilidanganya." Machozi yakamtoka bila kuombwa. "Mimi ni Bwanausi. Bwanausi, mwana wa Biubwa."

"Tena."

Akasema tena. Akasema na mara ya tatu. Kila aliposema alihisi kitu kinamtoka kifuani, kama pumzi ambayo haitarudi.

"Na huyo Fatu ni nani?"

"Mtoto wa dada yangu. Hana kosa."

"Siku ile ulijua hana kosa?"

Bwanausi angeweza kudanganya tena. Nadhani alitaka.

"Nilijua," akasema.

"Mbona ukamtoa?"

"Niliogopa. Nilikuwa naogopa, bibi, ndiyo yote."

Mwanamke akatikisa kichwa taratibu. Giza lilikuwa limeshaingia, na sura yake haikuonekana vizuri, lakini namna ile ya kutikisa kichwa Bwanausi aliijua. Alitaka kumuuliza, wewe ni mama? Hakuthubutu.

"Utamkuta mtoto anakula," mwanamke akasema. "Wewe tumekusikia, zamu yako itafika. Lakini jina lake limekaa huku siku nyingi, na lina aliyelivaa. Litapanda nyuma ya gari lako, na mvaaji wake pamoja nalo. Ufikapo, kabla mtoto hajaitwa kwa jina lake, umwambie mama yake ulilofanya. Kwa mdomo wako. Ukisema, mvaaji ataliacha jina na kurudi zake. Usiposema, atashuka kwenu."

"Nitasema. Wallahi nitasema."

"Usiape," mwanamke akasema.

Bwanausi akapangusa macho kwa kiganja. Alipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu, na injini ilikuwa inanguruma kana kwamba haikuwahi kuzima.

Akarukia usukani. Alipoanza kuondoka, gari lilikaa. Springi za nyuma zikalia, zikashuka, kama mtu amepanda kwa mguu mmoja kisha mguu wa pili. Bwanausi hakugeuza shingo. Kioo cha kati alikigeuzia juu.

Njia nzima akasikia vidole vidogo vikigonga bodi nyuma yake. Ko... ko... ko... Bila haraka. Mara vikanyamaza, ikaja harufu ya udi.

Makurunge taa zikaonekana, na simu ikapata mtandao. Ikalia hapo hapo.

"Bwanausi!" Mwajabu alikuwa analia na kucheka. "Mwanangu kanyanyuka! Magharibi hii hii! Kakaa mwenyewe, ananionyesha mdomo anataka kula!"

"Alhamdulillahi. Umemwita jina lake, dada?"

"Nimwite jina ya nini, naye kanilalia mapajani? Sauti bado haijatoka, lakini itatoka. Njoo haraka!"

"Dada... nina neno nataka kukwambia."

"Utaniambia ukifika!"

Simu ikakatika. Na Bwanausi, ewe Mola, akaona afueni. Alijiambia jambo kama hili haliambiwi mtu kwenye simu. Ni utovu wa adabu. Litasemwa ana kwa ana, wamekaa chini. Nyuma yake vidole viligonga mara moja tu, kwa nguvu.

Alipofika Kaole waadhini walikuwa wanaadhini isha. Akaegesha kando ya ua. Nyumbani palikuwa pamejaa. Jirani yao Mwanvita alikuja na uji wa ufuta, wanawake wawili wengine walikuwa wanapiga vigelegele, na katikati ya mkeka alikaa Fatu, amekonda, macho makubwa, anakula uji kwa mikono miwili. Bwanausi alipomwona, alipiga magoti palepale mlangoni.

"Mtazameni mjomba mtu!" Mwanvita akasema. "Analia kuliko mama."

"Huyu si mjomba," Mwajabu akawaambia wote, mkono kamwekea begani. "Huyu ni mzazi. Siku kumi na tisa hakulala. Kama si yeye, mwanangu leo yuko kaburini."

Sasa ndiyo ilikuwa saa yake. Maneno yalikuwepo, mafupi: dada, ni mimi. Lakini mbele ya Mwanvita? Mbele ya hawa wanawake, ambao kesho watakuwa nalo sokoni? Bwanausi akaona awangoje waage. Halafu akaona Mwajabu kwanza ale, maana siku nyingi hakula. Mtu mwoga hakosi sababu, na kila moja huwa nzuri. Alikuwa ameona haya, haya tupu, na alizitaka zile sifa zimkae japo dakika tano zaidi.

Majirani wakaaga mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Mwanvita, naye alichelewa mlangoni kama kawaida yake. Akaenda.

"Dada," Bwanausi akasema.

"Ngoja nimwongezee uji," Mwajabu akasema, akainuka, akaingia jikoni uani. Alikuwa anaimba kidogo. Bwanausi hakumsikia akiimba tangu msiba wa mama yao.

Vyungu vikagongana. Kisha Mwajabu, mgongo ameugeuzia nyumba, upawa mkononi, akapaza sauti kama mama yeyote:

"Fatu! Nikutilie sukari?"

Mtoto aliyekaa mkekani hakugeuka. Aliendelea kulamba kidole. Jina lile lilimpita kama jina la mtoto wa jirani.

Nje, garini, mtoto akaitika.

"Abee, mama."

Ilikuwa sauti ya Fatu. Ile ile, na kile kikwaruzo chake kidogo. Mwajabu akatoa ukelele wa furaha, na upawa ukamwanguka.

"Allahu Akbar! Umesema! Umekwenda nje saa ngapi, mwanangu? Rudi ndani, kuna umande!"

Kamba ya mlango wa Landirova ikafunguka. Bwanausi aliisikia ikiteleza kwenye bati. Vimiguu vikatua kwenye changarawe, kimoja, kisha kingine.

"Dada!" akaita. "Dada, usimwite!"

"Nini?" Mwajabu alikuwa anainama kuuokota upawa, anacheka. "Nisimwite kwa nini?"

Kwa nini. Neno moja tu lilihitajika, na nafasi ilikuwepo, nakwambia ilikuwepo, hatua zilikuwa bado upenuni. Mtoto wa mkekani akamtazama mjomba wake. Midomo yake ilicheza, haikutoa sauti, lakini macho yalikuwa yanamsihi. Bwanausi alimtazama, akamtazama dada yake aliyekuwa akicheka peke yake jikoni, akafikiria uso ule utakavyobadilika akishajua.

"Basi tu," akasema. "Hakuna kitu, dada."

Harufu ya udi ikaingia chumbani.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Mwajabu akacheka zaidi. "Makubwa haya! Tangu lini mtoto anabisha hodi kwao? Karibu, mwanangu. Karibu ndani."